Mvua Moja, Hadithi Tatu

Watu wakisikia natengeneza katuni, swali la kwanza huwa: unatumia kompyuta gani? Nawaelewa. Kompyuta ina jina na bei, na ukishaitaja mtu anaweza kushuka sokoni Darajani akaulizia. Lakini jibu hilo halimfikishi mbali. Flow, filamu ya katuni kutoka Latvia iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mnyama anayesema hata neno moja. Blender hiyo hiyo ninayo mimi, na wanayo vijana kadhaa wa hapa mjini Zanzibar kwenye laptopu zilizochoka kuliko yangu. Kwa upande wa vifaa, basi, sina la kumfundisha mtu.

Swali ninalotamani waniulize ni jengine: mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajui? Na jengine linalofuata nyuma yake: mhusika akipoteza, anapoteza kitu cha thamani gani? Ukishayajibu mawili hayo, aina ya hadithi umeshaichagua, hata kama hujui bado uiite kichekesho, ya kutisha au ya huzuni. Mimi sikuyapata darasani. Niliyapata Wete, Pemba, kwenye ua wa bibi yangu, karafuu zikiwa zimeanikwa, ingawa mwenyewe akisikia nimesema hivyo atanicheka.

Tulikuwa watatu. Mimi naandika. Mchoraji ni mtoto wa Jang'ombe, mchana anauza vipuri vya vespa. Wa tatu anapiga ganuni kwenye kikundi cha taarab, na kazi yote ya sauti ilikuwa juu yake. Tulitaka katuni fupi, na mabishano yakaanzia hapo hapo: fupi kiasi gani? Watoaji wa Oscar huhesabu kuwa fupi filamu yoyote isiyozidi dakika 40, orodha ya majina ya mwisho ikiwemo. Mpiga ganuni aliposikia hivyo akaanza kuota dakika 15. Mchoraji akachukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Sinema huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hujipunguzia mzigo kwa kuuacha kila mchoro ukae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12 na dakika moja inakula 720. Dakika 15 ni michoro 10,800, na mkono wa kuchora ni mmoja, nao umeshinda kutwa kwenye grisi. Tukakubaliana dakika mbili. Hata hizo ni michoro 1,440 kabla ya ujanja wowote.

Sikuona hasara. Nimekaa sana Ngome Kongwe nyakati za tamasha la filamu, ZIFF, ambalo linafanyika tangu 1998, na nimezoea kuwaangalia watazamaji zaidi kuliko pazia. Pale ni uwanja wa wazi. Ukiwachosha watu hawagunii wala hawazomei. Wanainuka taratibu, wanavuka barabara, wanakwenda Forodhani kunywa urojo. Katuni ya dakika mbili inakwisha kabla mtu hajaikumbuka njaa.

Kuhusu aina ya hadithi, mchoraji alikuja na jibu kabla hatujauliza. Ya kutisha. Popobawa, yule shetani anayesemwa huwavamia watu usiku. Alikuwa ameshamchora ukurasa mzima, na kusema kweli alimpatia. Sababu zake pia hazikuwa za kipuuzi: hadithi ya kutisha ni nyepesi mkononi. Giza linaficha mandhari, kivuli ni doa moja jeusi, na kitu kisichoonekana hakichorwi. Kwa mtu mwenye mkono mmoja hiyo ni hoja nzito, na anayeanza leo akiniuliza aina gani ina gharama ndogo, nitamwambia hiyo.

Lakini nilimkatalia, na hadi leo nimesimama pale pale. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoanza Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wazima waliviacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi. Waliolala nje ni baba zetu na mama zetu, wapo, na wanayoyahadithia yana mambo ambayo hayasemwi mbele ya mtoto. Sisi tulitaka watoto ndio wakae mbele. Zaidi ya hapo, hofu ambayo ukumbi mzima umewahi kuiishi haikuachii nafasi. Kila mtu atakuja na popobawa wake kichwani, na huyo wako wa kuchorwa hatamtisha mtu. Ama atachekwa, ama atamkera aliyeumia kweli.

Mchoraji akajaribu mlango wa pili: basi popo wa kweli. Hapo nilitamani. Pemba tunao popo wakubwa wasiopatikana kwengine kokote duniani, mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita 1.6, na ukenda Kidike mchana utawakuta wananing'inia mitini kwa mamia wakigombea kivuli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, kisha wanavijiji wakaanza kuwalinda na wakaongezeka. Hadithi nzuri sana. Ila hebu iweke kwenye sentensi moja yenye mtu, anachokitaka, na kinachomzuia. Inakataa. Ni habari ya miaka mingi, wahusika ni maelfu, na kilichobadilika humo ni fikra za vijiji vizima. Hiyo inafaa kamera na watu halisi wakizungumza. Tukaiweka kando, na imekaa huko huko.

Kilichotupa hadithi ni kazi ya nyumbani. Karafuu zikishachumwa na kutengwa na makonyo, huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, zinageuzwa, zinakusanywa, zinaanikwa tena, mpaka ule ukijani na wekundu wake ugeuke rangi ya kahawia. Uani huachwa mtu wa kulinda, aghlabu mtoto. Kazi zake ni mbili: kufukuza kuku na kutazama mbingu. Mvua ikizikuta karafuu zimeenea, rangi inaharibika, na ukizipeleka kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja inashuka na bei nayo. Aliyekulia Pemba anaujua ule ukelele wa nyumba nzima, "Mvua!", na watu wanavyotoka na mabeseni, mapakacha, mikono mitupu.

Nikawaambia wenzangu: tukio ndilo hili. Mtoto, karafuu, mvua. Tukampa mtoto jina, Kombo. Sasa kila mmoja wetu alisimulie atakavyo, kwa mdomo tu, bila ya kuchora hata mstari. Msikilizaji wetu alikuwa bibi, kwa sababu msimu ule tulikuwa kwake, na kwa sababu bibi hana adabu ya kuvumilia hadithi mbovu.

Mchoraji akaanza. Akatandaza yake ya kutisha: usiku wa mwezi, karafuu uani, Kombo peke yake kibarazani. Juu ya bati kuna kitu kinatembea. Tone la mvua? Hatua? Upembeni mwa jamvi karafuu zinapungua, ukingo unarudi ndani kidogo kidogo, na hatuoni nani anachukua. Kule shambani kinalia kitu mfano wa mtoto mchanga. Tulikuwa tumeshaanza kusogeleana. Bibi akasema:

"Karafuu gani hizo zilizolala nje?"

Mchoraji akanyamaza.

"Jioni zinakusanywa, mwanangu, umande usizipate. Huyo mtoto kwao hakuna watu wazima?"

Akajitetea kwamba ni katuni tu. Bibi hakuwa na haja ya katuni tu. Na mie nilikuwa upande wake. Katika hadithi ya kutisha mtazamaji anajua kiasi kile kile anachokijua mhusika, au pungufu, na anaingia gizani pamoja naye kwa sababu ameshaiamini nyumba, ua, saa na kazi inayofanyika. Likikosekana moja katika hayo, Mpemba mmoja tu akicheka, ukumbi wote umeshatoka gizani. Mchoraji alijaribu kuzihamishia karafuu ndani, kwenye magunia, lakini huko mvua haikuwa na kazi tena, na bila ya mvua hatukuwa na tukio. (Kile kilio cha shambani kilikuwa komba. Nimewaambia wenzangu kikae akiba, siku moja kitapata hadithi yake.)

Mimi nikasimulia ya huzuni. Nilimpa mtazamaji habari ambayo Kombo hana: zile karafuu ndiyo nauli na matibabu ya macho ya bibi yake. Tunamuona bibi huyo anahesabu kwa vidole, anapapasa mlango, anatoka. Kombo anachoka, jua kali, anasinzia. Wingu linakuja. Sisi tunajua, yeye amelala. Mvua inapiga. Bibi anarudi, haoni vizuri, lakini anasikia maji yanavyopita kwenye karafuu, na hasemi kitu. Anamfunika mtoto kanga.

Nilikuwa nimeipenda sana. Bibi yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa watoto wakishaiona hiyo watalala vipi?" Ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo ndilo ninalolitumia zaidi ya yote. Ya mchoraji ilikuwa ya mashetani na haikumtisha. Yangu, isiyo na hata shetani mmoja, ndiyo iliyomtisha, kwa sababu ya thamani ya kile kilichopotea. Mtazamaji akijua zaidi kuliko mhusika, na kinachopotea hakirudi, ameshikwa na wasiwasi kisha huzuni. Mjulishe yale yale, lakini kinachopotea kiwe kinafidika, kiwe heshima, nguo, au chakula cha mchana: anacheka. Wingu ni lile lile, mtoto yule yule.

Kulikuwa na sababu mbili za kuiacha yangu, na ninazitaja kwa sababu vijana wengi wanaonijia wanataka kuanza na huzuni. Ya kwanza ni muda. Ili uumie kwa ajili ya mtu inabidi kwanza umpende, na dakika mbili hazitoshi kumpenda bibi, kumpenda mjukuu, kisha kuwaonea huruma wote wawili. Kichekesho hakidai mapenzi. Mtu akiteleza kwenye tope sekunde ya tatu, ukumbi umeshakuwa wake. Ya pili ni mkono. Huzuni inachezwa usoni, kwa kope kushuka kidogo, kwa mdomo unaotaka kusema ukaacha, na hizo ndizo sehemu ngumu kuliko zote kuchora. Mchoraji wetu ana kipaji cha mwendo: kuku wake anakimbia ukamsikia. Nyuso zake, mwenyewe anakiri, zote zinashangaa. Aina ya hadithi sharti iufuate mkono uliopo. Watu huchagua aina wanayopenda kuitazama, na kupenda kutazama ni jambo jengine kabisa.

Basi tukabaki na kichekesho, na kazi ya kukipanga ikaanza kwa kutafuta picha ya mwisho. Nilisema tusichore lolote mpaka tuipate. Mpiga ganuni ndiye aliyeipata: harusini. Bibi anaingia ukumbini amevaa nguo zake bora, na wanawake wote wanageuza pua, kwa sababu bibi ananukia karafuu kuliko ukumbi mzima unavyonukia udi. Tulicheka mpaka bibi wa kweli akatuuliza tunamcheka nani.

Picha ya mwisho ikishapatikana, unarudi nyuma kwa kuuliza: ili hii ichekeshe, mtazamaji lazima awe ameshaona nini? Ajue kuwa nguo za bibi zimekutana na karafuu. Zilikutanaje? Kombo alizifunikia karafuu mvua ilipokuja. Kwa nini nguo za bibi? Kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu, kwenye sanduku lililoachwa wazi. Kwa nini liko wazi? Kwa sababu bibi alikuwa anajitayarisha kwa harusi, anafukiza nguo. Hapo ndipo tulipoipata picha ya kwanza: chetezo sakafuni, kaa jekundu, kipande cha udi, na moshi unaopanda kuingia ndani ya kanga iliyotandazwa juu yake.

Moshi ule ulitufaa kwa mambo matatu kwa mpigo. Katuni haina harufu, lakini moshi unachoreka, kwa hiyo mtazamaji ameshafundishwa tangu sekunde ya kwanza kwamba mstari ule unaozunguka ni harufu. Mwishoni mstari huo huo unatoka kwenye nguo za bibi, rangi imegeuka kahawia, na hakuna haja ya mtu kueleza. Pili, moshi ni michoro michache inayojirudia. Tatu, mwanamke anayefukiza nguo zake kwa utulivu ule ni mtu ambaye mtazamaji anajua bila kuambiwa kwamba nguo hizo anazithamini. Picha moja, habari tatu. Tangu hapo nikiona picha kwenye mpango wangu inabeba habari moja tu, naitilia shaka.

Kati ya mwanzo na mwisho tuliziazima kanuni za ngano. Aliyewahi kuitikia "Pakawa!" anazijua: jambo linatokea, linatokea tena, la tatu linageuka, na kila mara pana kipande cha wimbo ambacho wasikilizaji wanakiitikia. Kombo anamfukuza kuku mara tatu. Mara ya kwanza wingu ni kidoa nyuma ya mnazi. Mara ya pili limeshakula nusu ya mbingu, naye bado anatazama chini. Mara ya tatu kuku mwenyewe ndiye anayemkimbilia Kombo, anampita, anaingia chini ya ghala, na Kombo anabaki amesimama anajiuliza nini kimemkuta. Kuku ameshajua. Watoto wote ukumbini wameshajua. Na kwa mkono wetu mmoja, faida ilikuwa kubwa: mkimbio wa kwanza na wa pili ni michoro ile ile, tulichobadilisha ni mbingu tu. Bibi zetu waliokuwa wakirudia maneno ili watoto washike wimbo hawakuwa na habari na bajeti ya michoro, lakini mbinu yao imetuokoa siku nyingi za kazi.

Kisha nikaenda nayo barazani. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko jengine lolote: simulia katuni yako kwa mdomo, baada ya Isha, kwa watu wasio na sababu ya kukupendeza. Usichukue picha. Sikiliza unapoteleza ulimi ukasema "aa, nilisahau kuwaambia". Kila ulipolisema hilo pana picha inayokosekana kwenye mpango. Sikiliza pia wanapokuuliza jambo, na usilijibu, liandike tu. Mzee mmoja aliniuliza, "Kwani huyo bibi kaondoka bila ya kumuusia mtoto?" Ni kweli, hakuna bibi wa hivyo. Kwa swali hilo tukapata sentensi ya kwanza kati ya mbili tu zinazosemwa ndani ya filamu nzima: "Kombo! Macho mbinguni, si kwa kuku!" Ni agizo, ni kichekesho, na mtazamaji anapewa kazi ya kuitazama mbingu yeye mwenyewe, kwa kuwa Kombo hataitazama.

Storibodi, yaani mpango wa filamu nzima kwa picha, tuliipanga kwenye vikaratasi vilivyokatwa kwenye madaftari ya skuli, vimebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi ili vihamishike. Kuhamishika ndiyo kazi yake. Mchoro wa storibodi ukiwa mzuri mno mtu anaona uchungu kuung'oa, kwa hiyo niliomba vijiti na vichwa vya mviringo, basi. Mchoraji hakuweza kujizuia. Kila nikirudi nilimkuta ameongeza kitu, na siku moja nikakuta ukutani mchezo wa ng'ombe mzima: fahali, kamba, ngoma, wanawake wanaimba, kijana na kitambaa mbele ya pembe. Eti Kombo anakimbia na beseni anapita katikati ya uwanja. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote ukutani. Niliung'oa mwenyewe. Umati ule ungekula nusu ya michoro yetu, na pale mtazamaji angeacha kuitazama mbingu akamtazama ng'ombe. Fahali akiingia kwenye hadithi, hadithi inakuwa ya fahali.

Kanga nayo ilitaka uamuzi mapema. Ukichora upya mapambo ya kanga kwenye kila fremu, nakshi hazikai sawasawa na nguo nzima inaonekana inawashwa. Tukaamua kanga zote ziwe na mji wa rangi moja na pindo nene tu, isipokuwa moja yenye jina, yaani maandishi: ile ambayo Kombo anaitupia karafuu wakati tone la kwanza linaanguka. Inaelea hewani, inafunguka, inasomeka: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Tuliipa sekunde mbili kamili, kwa sababu kuna watazamaji wanaosoma polepole, na kichekesho kisichosomeka hakipo.

Kwa mvua, sauti ilitangulia. Kwenye katuni ni kawaida kurikodi sauti kwanza kisha kuchora kuifuata, na sisi hatukuthubutu kwenda kinyume. Maneno ya bibi yalisemwa na bibi mwenyewe, chumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani, na ilibidi tusubiri adhana, kisha jogoo, kisha bodaboda. Alikataa kuyasema kama yalivyoandikwa. Aliongeza "weye" mwanzoni, "Weye Kombo!", na ndivyo yalivyobaki.

Muziki ulitufundisha kuwa aina ya hadithi inaweza kuibiwa na mtu mmoja mwenye nia njema. Mpiga ganuni alituletea kipande cha mvua kwa hijazi, maqamu ya huzuni, kizuri cha kuliza. Tukakiweka juu ya picha. Kombo yule yule anayekimbia na sanduku la nguo akageuka yatima. Hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe nikajikuta namuonea huruma kuku. Tulibishana, akanuna, akarudi na kidumbak: fidla, ngoma ndogo, na mkwasa unaogonga sawia na nyayo za mtoto. Kwa mdundo ule hata radi ilichekesha. Kile cha hijazi hakikutupwa. Kimebaki sekunde chache, pale bibi anaporudi na kuliona sanduku tupu, kwa sababu kichekesho kinabeba pigo moja la moyo bila kuvunjika. Mawili hakibebi.

Baadaye tuliipiga picha storibodi kwa simu, tukazipanga picha juu ya sauti ile, tukatazama. Filamu ya dakika mbili ilikuwa imekwenda tatu na kitu. Hiyo ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote za kukata, maana hapo unakata vikaratasi. Tukapunguza safari ya bibi kwenda harusini, tukaondoa jirani aliyekuwa akipita na baiskeli, na hakuna aliyewahi kuuliza walikwenda wapi. Kitu pekee tulichokirefusha ni ule wakati baada ya kuku kupita: Kombo amesimama, hajui, na mbingu nyuma yake yote ni rangi ya risasi. Mchoraji alitaka nusu sekunde. Tulipowaonyesha watoto wa mtaani picha zile za simu walianza kupiga kelele "Mvua! Kombo, mvua!" na nusu sekunde iliwakatiza, hawakuwahi kumaliza. Tukaipa mbili, kwa mchoro mmoja uliotulia, usiogharimu kitu.

Siku hizi vijana wawili wa Kikwajuni wanakuja kwangu na yao. Wanataka jini. Niliwauliza mwisho wake, mmoja akasema mwishoni mtu anaamka, kumbe ilikuwa ndoto, nikawarudisha kwao na chai yao hawajaimaliza. Wamerudi wiki iliyofuata: jini amepanda daladala ya Bububu, ana uwezo wa kuhamisha mlima lakini hana nauli, na konda hajui anamdai nani. Abiria wote wanajua, wanaona kwato chini ya kiti. Nikawauliza anachokipoteza jini ni nini. Wakatazamana, kisha yule mdogo akajibu, "Heshima." Nimewapa ukuta wangu na gundi. Storibodi wanaanza Jumamosi, na kwato nimewaambia zichorwe tangu picha ya kwanza.